Neno Litangulie

Mbwa mwepesi katika mbio za vizuizi hukimbia zaidi ya mita 5 kwa sekunde, kona zote zikiwa humo humo ndani ya hesabu. Anayemwongoza, hata awe kijana wa miguu mirefu, hauwezi mwendo huo huku akigeuka, akikwepa viunzi na kukumbuka namba ya kizuizi kinachofuata. Ndiyo maana katika kila mbio hufika mahali ambapo mbwa yuko mbele, mtu wake yuko nyuma, na mkono wala bega la mtu halionekani tena. Kinachobaki kati yao ni sauti. Hapo ndipo hujulikana kama mbwa amefundishwa maneno au amezoea tu kuufuata mwili.

Nimekuwa nikicheza mchezo huu, ajiliti, tangu nilipohamia kaskazini mwa Uingereza kwa kazi ya uuguzi, na katika yote niliyojifunza kwa mbwa wangu Madoa, hili la maneno ndilo lililonishughulisha zaidi. Watu wengi huamini kwamba neno humwingia mbwa kwa kurudiwarudiwa. Nilichokiona uwanjani ni kingine. Mbwa anaweza kulisikia neno kila siku ya maisha yake na lisimwambie kitu, kisha akalijua lingine kwa muda mfupi tu. Tofauti iko kwenye mpangilio: neno lilitangulia nini, na mwili wa msemaji ulikuwa unafanya nini wakati linatamkwa.

Ajiliti si mchezo wa kale. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza London, Februari 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, ambayo siku hizo yalikuwa yakifanyika katika ukumbi wa Olympia. John Varley, mmoja wa wanakamati wa maonyesho, alitafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji katika nafasi iliyokuwa wazi kwenye ratiba ya ulingo mkuu. Akamwendea Peter Meanwell, mkufunzi wa mbwa, na kwa pamoja wakaazima wazo kutoka mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Watazamaji walilipenda. Kufikia 1980 The Kennel Club, chama cha Uingereza kilichoanzishwa 1873, kilikuwa kimeutambua mchezo rasmi na kuuwekea kanuni.

Vifaa vyake ni vichache. Kuna viunzi vya kuruka; bomba pana la plastiki linalopinda, ambalo mbwa huingia upande mmoja na kutokea mwingine; daraja jembamba la mbao lililoinuliwa karibu usawa wa kifua cha mtu; kilima cha mbao mbili zilizoegemezana; bembea inayoshuka mbwa akishapita katikati; na nguzo 12 zilizosimamishwa kwenye mstari, ambazo mbwa hupita akijipinda huku na huku, akianza na nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Mwamuzi hupanga njia mpya kila shindano. Mwongozaji hupewa dakika chache za kuitembea peke yake na kuikariri. Mbwa hajawahi kuiona. Ukishaanza, huruhusiwi kumgusa, huruhusiwi kubeba chakula, na akiingia kizuizi kisicho chake mmetolewa.

Madoa nilimchukua kwenye kituo cha kulea mbwa waliotelekezwa. Ana damu ya Border Collie, hilo halina ubishi, na damu nyingine ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Mwalimu wetu ni mama wa makamo ambaye ukoo wao ulifuga kondoo kwenye vilima vya Yorkshire, na alikua akiwasikia wazee wake wakiwatuma mbwa kwa maneno mawili ambayo wachungaji wa Uingereza wameyatumia vizazi na vizazi: “come by” mbwa azunguke kundi kufuata mshale wa saa, na “away” azunguke kinyume chake. Mbwa wa kondoo anaweza kuwa upande wa pili wa bonde, mahali ambapo mkono wa mchungaji hauna maana yoyote. Nadhani ndiyo sababu mwalimu wetu hakuwa na subira na mikono.

Siku moja Madoa akiwa tayari anaingia bombani kwa furaha kila nikimtuma, mwalimu aliniambia niweke mikono mifukoni, nimpe mbwa mgongo, kisha niseme neno lilelile ninalolisema siku zote. Nikalisema. Madoa hakwenda popote. Alizunguka mpaka mbele yangu, akaketi, akaniangalia usoni, kisha akaangalia mfuko wenye mkono wa kulia.

“Anautafuta mkono,” mwalimu akasema. “Sasa nyoosha mkono kuelekea bomba, useme lolote litakalokujia.”

Nikanyoosha mkono nikasema, “Ugali na maharage.” Madoa alikuwa ndani ya bomba kabla sijafika kwenye maharage.

Jaribio hilo nimelifanya tangu hapo kwa mbwa wengi wa watu wengine, na matokeo hutofautiana kidogo sana. Mbwa ni msomaji wa mwili kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Naples, Italia, walichapisha utafiti waliowafanyia mbwa wa uokoaji majini, waliokuwa wamefundishwa kwa ishara na kwa maneno, wakawapa ishara ya mkono inayosema hili na neno linalosema lile. Kwa sehemu kubwa mbwa waliufuata mkono. Hilo haliwapunguzii akili. Ukimpa mbwa habari mbili kwa wakati mmoja, moja anayoielewa tangu utoto wake na nyingine iliyo kelele tu, ataishika anayoielewa na kuiacha nyingine ipite. Ivan Pavlov aliliona hilo zamani katika maabara yake: kichocheo chenye nguvu hukifunika kichocheo dhaifu kinachoambatana nacho. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Leon Kamin alionyesha kwa panya jambo la karibu na hilo: mnyama ambaye tayari ana ishara inayomtosha hajifunzi ishara mpya inayobandikwa juu yake. Anayepunga mkono huku akisema “bomba, bomba, bomba” anaweza kufanya hivyo mwaka mzima na mbwa asijifunze ila mkono.

Nilipomsimulia mama yangu habari hizi kwa simu, hakushangaa hata kidogo. Mama alifundisha darasa la kwanza Shinyanga mpaka alipostaafu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huyo mbwa ameshajua kusoma?”

Nikamweleza habari ya mifuko na mkono. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mtoto ukimtamkia herufi huku umeigusa kwa kijiti ubaoni, anasoma kijiti. Tamka. Nyamaza. Mwache aitafute kwa macho. Ndipo upeleke kijiti.”

Ndiyo njia yenyewe, haina nyongeza kubwa. Unasimama umetulia, mikono imelala pembeni, unatamka neno mara moja, unasubiri kitambo kifupi, kisha unatoa ishara ya mkono ambayo mbwa tayari anaijua. Neno, kimya, mkono. Baada ya muda mbwa anatambua kwamba sauti ile huja kabla ya mkono ule kila mara, na kwa kuwa mbwa hupenda kufika mapema kwenye jambo jema, anaanza kuondoka kwenye kile kitambo cha kimya. Siku hiyo ukiiona hutaisahau: mkono haujasogea, mbwa ameshakwenda. Kabla ya siku hiyo ulikuwa ukitoa sauti tu.

Lakini kwanza ni lazima uwe na maneno, na kuyachagua ni kazi. Mwalimu aliniambia nichague lugha inayonitoka nikiwa sina pumzi. Nikachagua Kiswahili bila kufikiri mara mbili. Mtu anayekimbia, jasho likimwingia machoni, hana nafasi ya kwenda kutafuta neno la watu wengine. Linalokuja mdomoni ni la nyumbani. Na kwa mbwa haijalishi. Polisi wa Marekani wengi huwaamuru mbwa wao kwa Kijerumani au Kiholanzi kwa sababu mbwa wenyewe wametoka huko na mafunzo yao. Mwaka 2022 Laura Cuaya na wenzake wa Budapest, Hungaria, walichapisha utafiti uliofanywa kwa mbwa waliozoeshwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakisikiliza hadithi ikisomwa kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Ubongo wa mbwa ulitofautisha lugha aliyoizoea na ile ngeni. Cuaya alikuwa amehamia huko kutoka Meksiko na mbwa wake Kun-kun, na alitaka kujua kama mbwa wake alitambua kwamba watu wa huko wanasema lugha nyingine. Mhamiaji yeyote mwenye mbwa amewahi kujiuliza swali hilo.

Nilikaa na karatasi nikaandika maneno yangu: ruka kwa kiunzi, suka kwa nguzo 12, panda kwa kilima, bomba, daraja, kulia, kushoto, mbele, mbali, toka, njoo. Kwa masikio ya Mswahili orodha haina tatizo. Kwa mbwa anayekimbia ilikuwa na matatizo tele. Ruka na suka zinatofautiana kwa sauti moja tu, ya mwanzo, na sauti hiyo ndiyo ya kwanza kumezwa na upepo. Kulia na kushoto zote zinaanza na ku, na mbwa aliye kasi huanza kugeuka kabla neno halijaisha. Mbele na mbali vilevile. Lugha yetu huishia na irabu karibu kila neno na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo maneno yake yanatembea kwa mdundo mmoja. Ni uzuri unaotusaidia kuimba. Mbwa yeye anahitaji maneno yasiyofanana hata kidogo.

Watafiti wa Budapest wakiongozwa na Lilla Magyari walichapisha mwaka 2020 jambo linaloeleza hili. Waliwabandikia mbwa vipokezi kichwani, wakawasikilizisha maneno wanayoyajua, maneno yasiyo na maana yaliyo mbali kabisa na yale wanayoyajua, na mengine yasiyo na maana yanayotofautiana nayo kwa sauti moja tu. Ubongo wa mbwa ulilikataa mara moja neno lililo mbali. Neno lililotofautiana kwa sauti moja lilipita kama lile la kweli. Si kwamba masikio yao hayasikii tofauti hiyo. Mwaka mmoja kabla, wenzao wa Chuo Kikuu cha Sussex walikuwa wameonyesha kwamba mbwa hutambua irabu inapobadilika ndani ya neno fupi, na hulitambua neno lilelile likitoka mdomoni mwa watu tofauti wasiowajua. Sikio linaweza, umakini ndio haufiki kila mara, hasa pakiwa na msisimko. Na uwanja wa ajiliti una msisimko kuliko chumba cha utafiti.

Kwa hiyo nikapangua orodha. Suka ikawa nyoka, kwa vile sauti ny haipo kwenye neno jingine lolote nililobaki nalo. Panda, ambayo ilikuwa inalingana mno na bomba kwa midomo na kwa urefu, ikawa kilima. Kulia na kushoto nikazikata vichwa: lia na shoto. Mbele ikatoka, ikaja twende. Toka niliiondoa kwa sababu nyingine. Sisi tuliokulia mitaa yenye mbwa wengi tumelisema neno hilo tangu utotoni, jiwe likiwa mkononi, na koo linakumbuka. Siwezi kumwambia mbwa toka kwa sauti ya upole nikiwa nakimbia. Kumtuma pembeni, mbali nami, nikabaki na mbali.

Kulia na kushoto, niongeze, ni kulia na kushoto kwa mbwa. Akija uso kwa uso nami, kulia kwake ni kushoto kwangu, na ni mimi ninayepaswa kugeuza akilini. Lia nilimfundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti, mbele yangu pakiwa na nguzo moja tu ya chuma: alipoizunguka akipinda kulia, kipande cha kuku kilidondoka upande aliokuwa akielekea. Shoto ilifuata baada ya lia kutulia kabisa, kwa nguzo ileile. Kiti nilikitumia makusudi. Mtu aliyeketi hana mabega mengi ya kusema nayo.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa bomba na daraja zikiwa pamoja. Waamuzi hupenda kulaza bomba chini ya daraja, mdomo wake ukitazama karibu sawasawa na mwanzo wa daraja. Mbwa anayekuja kasi anaona milango miwili, mmoja ukiwa hatua moja tu kutoka kwa mwingine. Mbwa wengi wanalipenda bomba kupita kiasi, maana ndani yake ni mbio tupu, wakati daraja linataka utaratibu: upande, uvuke, ushuke na mguu uguse sehemu ya chini iliyopakwa rangi kabla hujaruka. Ukimwachia mbwa aamue, ameshaamua tangu mlangoni.

Tulianza na kila kimoja peke yake, kwa mpangilio uleule wa neno, kimya, mkono, mpaka mkono haukuhitajika. Kisha tukavileta pamoja. Madoa akawa anapatia, anapatia, anapatia. Mimi nikaridhika, mwalimu hakuridhika. Aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaturekodi, kisha akanionyesha video taratibu. Kabla sijatamka bomba, bega langu la kushoto lilikuwa linashuka kidogo upande wa bomba. Kabla ya daraja, kidevu kilikuwa kinapanda. Mimi sikujua. Madoa alijua.

Ndipo aliponisimulia habari za Hans, farasi wa Berlin. Mwanzoni mwa karne iliyopita mzee Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato chini, na watu wazima wenye elimu zao waliamini. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake: farasi alikuwa anapatia muulizaji alipokuwa akilijua jibu, na kukosea muulizaji alipokuwa halijui. Kwato zilipofika kwenye idadi sahihi, muulizaji aliinua kichwa kidogo bila kujijua, na farasi akaacha kugonga. Von Osten hakuwa tapeli. Alikuwa na mwili, kama sisi sote.

Kwa hiyo mwalimu akararua karatasi vipande vidogo, nusu akaandika B, nusu akaandika D, akavichanganya ndani ya kofia yake ya sufu. Utaratibu ukawa hivi: Madoa anakaa kwenye alama, mimi nimesimama nyuma yake, macho kwenye nyasi. Mwalimu anachomoa kipande na kukishika mbele ya macho yangu, nami nasoma na kutamka papo hapo. Mwili wangu haukuwa na muda wa kujua kabla ya mdomo. Mara ya kwanza Madoa aligeuza kichwa kunitazama, masikio nyuma, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Tukasubiri. Hatukurudia neno. Ukirudia, unamfundisha kwamba la kwanza halikuwa na maana na angoje la pili. Akaondoka polepole kuelekea bomba, na karatasi ilikuwa imesema D. Hakukaripiwa. Hapakuwa na kuku, hapakuwa na “hapana”, tulirudi tu kwenye alama, tukaviweka vifaa mbali zaidi, mdomo wa bomba huku na daraja kule, tukaanza upya.

Kwa majuma tulikuwa tukiusogeza mdomo wa bomba, kila mara kidogo. Nilikuja kuzijua dalili. Mbwa anayekisia huondoka haraka, kichwa chini. Mbwa anayesikiliza, sikio moja hugeuka nyuma kabla ya neno, na pumzi hukata kwa sekunde: mdomo uliokuwa wazi unafungwa. Ukiona mdomo umefungwa, tamka. Siku moja kwenye ukungu, karatasi zikiwa zimelowa kiasi cha wino kuchuruzika, Madoa alifunga mdomo, nikasema daraja, akapita kando ya bomba bila kulitazama. Karatasi iliyofuata ilikuwa D tena. Iliyofuata B. Mara zote akaenda kulikosemwa. Mwalimu aliivaa kofia yake, vipande vingine vikiwa bado ndani.

Jambo lingine ni wakati. Mbwa akiwa hewani hawezi kubadilisha anakokwenda. Amekwisha kuupanga mwili wake kabla ya kuruka, urefu, pembe, mguu wa kutangulia. Kwa hiyo lia inayosemwa akiwa juu ya kiunzi ni lia ya kuchelewa. Atatua akiwa amenyooka, ndipo ajikunje, na mzigo wote wa kona unaangukia mabega na vifundo vya miguu ya mbele. Mabega ni miongoni mwa sehemu zinazoumia zaidi kwa mbwa wa mchezo huu, na siwezi kuamini kwamba ndimi zetu zinazochelewa hazina sehemu katika hilo. Neno linatakiwa limfikie akiwa bado ana hatua kadhaa za kukimbia, mara nyingi anapotua tu kutoka kizuizi kilichotangulia. Hii inamlazimu mwongozaji aishi kizuizi kimoja mbele ya mbwa wake. Macho yanaona kiunzi cha sita, mdomo unasema cha saba. Ni jambo lisilokuja lenyewe. Nililifanyia mazoezi nikiwa peke yangu, nikitembea njia tupu na kutamka maneno kwa sauti, majirani wa uwanja wakipita na kunisalimu.

Sauti yenyewe nayo ina kazi yake mbali na neno. Patricia McConnell, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, alichunguza namna waongoza wanyama wa lugha mbalimbali wanavyowaita na kuwasimamisha wanyama wao, na mwaka 1990 akachapisha matokeo ya majaribio yake kwa watoto wa mbwa. Sauti fupifupi zinazofuatana na kupanda huamsha mwendo. Sauti moja ndefu inayoshuka hutuliza. Nilipoisoma nilikumbuka maksai wa jirani zetu Shinyanga wakati wa kulima. Kijana wa mbele alikuwa na haya-haya-haya yake, kavu, ya harakaharaka. Mzee aliyeshika jembe, alipotaka wasimame, alikuwa na simamaaa moja ndefu iliyoshuka mpaka ikafika ardhini. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Madoa naye akisikia twende-twende hunyoosha mgongo, na njoo, yenye irabu ndefu iliyojaa, humkunja kuja kwangu hata kabla hajafikiri. Kwa hiyo neno la kukimbia nalikata fupi, la kugeuka nalitamka chini na kwa utulivu. Nikipaza sauti kwa hofu, maneno yote yanakuwa neno moja.

Sitaki msomaji adhani mbwa anahitaji kamusi. Chaser, Border Collie wa Carolina Kusini, alifundishwa na profesa mstaafu John Pilley majina 1,022 ya wanasesere, mipira na vitu vya kuchezea, kama utafiti wao wa 2011 ulivyoripoti, na katika majaribio vitu viliwekwa mahali ambapo mbwa hakuweza kumwona mwulizaji, ili pasiwe na Hans wa pili. Mbwa wa namna hiyo ni wachache mno. Katika ajiliti maneno kumi na kitu yanatosha. Mengi kuliko hayo humchosha mtu kabla ya mbwa, na neno ambalo mtu mwenyewe analisitasitia halifai kumtuma mnyama anayekimbia. Nimewaona waongozaji wanaozungumza mfululizo kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, kijana mzuri, haya mama, huko huko, ndiyo ndiyo, na katikati ya mto huo kuna neno moja lenye maana linalozama. Madoa nampa kimya kingi. Kimya kinampa neno mahali pa kutua.

Hivi karibuni binti wa jirani yangu, mwenye miaka kumi na minne, ameomba kukimbia na Madoa. Goti langu halina tena haraka, na Madoa ana nguvu zake zote, basi nimekubali. Binti huyo ni Mwingereza, hajui Kiswahili zaidi ya hayo maneno ninayoyapiga uwanjani. Nilimwandikia yote kwenye karatasi, akayakariri nyumbani. Jumamosi nilikaa pembeni nisiseme chochote, mikono nimeikunja. Bomba aliitamka kwa lafudhi yake, b ya mwisho ikiwa haipo kabisa. Madoa akaingia bombani. Daraja, vizuri. Lia, vizuri, tena akageuka mapema kuliko anavyogeuka kwangu, maana msichana ana miguu ya kuwahi na anatamka kwa wakati wake. Kwenye nguzo 12 akasema “ni-yo-ka”, vipande vitatu, kila kimoja kwa nguvu sawa. Madoa akasimama mbele ya nguzo ya kwanza, akafunga mdomo, akageuza sikio moja nyuma, akasubiri neno lije.

Binti akataka kunyoosha mkono. Nikamwomba asinyooshe. Tumekubaliana kwamba atakuja jioni za wiki bila mbwa, tukae jikoni na chai, atamke ny mpaka itoke kwa pumzi moja, kisha ndipo turudi kwenye nguzo.